Ukienda Kununua Hadubini, Beba Rula

Kubadilisha tundu la chaji la Type-C kwa macho matupu ni kubahatisha. Likiwa kamili lina pini 24, na katika kila safu pini zimeachana nusu milimita tu. Pembeni yake zimejipanga kapasita za saizi 0402, yaani milimita 1 kwa nusu milimita, na kwenye bodi za simu nyingi utakuta hata za 0201, milimita 0.6 kwa 0.3, ambazo ukipiga chafya umezipoteza. Miwani ya kusomea haifiki huko. Ndiyo maana siku moja utazunguka Kariakoo au Luthuli Avenue ukitafuta hadubini ya bei nafuu, na cha kwanza kuwekwa mezani kitakuwa boksi lililoandikwa 1000X.

Lipite. Kukuza mara 1000 ni kazi ya maabara, ambako lenzi inakaribia kabisa kigae cha sampuli na katikati huwekwa tone la mafuta maalumu. Kwenye bodi ya simu, mara 10 hadi 30 zinatosha karibu kazi zote za kulehemu.

Utajuaje basi inakuza mara ngapi? Ilaze rula chini ya lenzi, rekebisha picha hadi mistari ionekane kali, uhesabu ni milimita ngapi zinajaza upana wa kioo. Kisha pima upana wa kioo chenyewe. Kioo cha inchi 7 kilicho kipana kama cha televisheni kina milimita zipatazo 155. Zikikijaza milimita 10 za rula, gawanya: umekuza mara 15 na kitu. Ile kapasita ya 0402 sasa ina urefu wa sentimita moja na nusu, na mwenye kibano cha ncha kali hana la kulalamika.

Usiirudishe rula mfukoni. Lenzi ikiwa palepale, isimamishe wima upime kutoka kwenye bodi hadi chini ya lenzi. Hapa ndipo nyingi za bei rahisi zinapofeli. Zile za USB zenye umbo la kalamu nene hulazimika kushuka hadi sentimita chache, pengine moja au mbili, ndipo zikuze vya kutosha. Pasi ya kulehemu itapitia wapi? Ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya namna hiyo, na ndani ya wiki nilikuwa nimeshayeyusha ukingo wake wa plastiki. Kwa kukagua pini iliyopinda au kusoma namba ya aisii inafaa sana, bado ninayo. Kwa kulehemu, sichukui yenye nafasi chini ya sentimita 10, na kama mashine ya hewa moto itatumika nataka 15.

Muuzaji atakuonyesha picha iliyotulia, kwa kuwa ikitulia kila hadubini ni nzuri. Wewe ingiza ncha ya kalamu chini ya lenzi uitikise upesi huku umekodolea kioo. Kalamu ya kwenye kioo ikibaki nyuma ya mkono wako, achana nayo, maana kazini utakuwa umeshaziunganisha pini mbili kabla jicho halijapata habari. Zinazorusha picha kwenye simu kwa Wi-Fi ndizo hunisumbua zaidi kwa hili. Yenye kioo chake, au inayotoa picha kwa waya wa HDMI, huwa nyepesi zaidi. Habari za megapikseli 12 zisikuvimbishe kichwa, kwani mara nyingi programu imezijazia tu kwenye picha za mnato. Uliza video inayoonekana moja kwa moja ni ya ukubwa gani. Ikiwa ni 1920 kwa 1080 halisi, inatosha.

Stendi iwe ya chuma yenye kitako kizito. Shingo zile za kukunja hutikisika ukiegemeza kiwiko mezani, na kwa ukuzaji huo mtikisiko mdogo ni tetemeko. Taa za duara kuzunguka lenzi nazo hung'arisha risasi mpaka usione mshono. Tafuta yenye taa mbili za pembeni unazoweza kuzigeuza, au funika zilizopo kwa kipande cha karatasi ya tresi. Betri ya ndani si anasa kwetu sisi ambao umeme hukatika aisii ikiwa nusu imeshang'oka.

Kama kulehemu ndiyo kazi yako ya kutwa, ningekushauri uvumilie na kudunduliza ununue ya macho mawili, yenye kukuza mara 7 hadi 45, pamoja na lenzi ya ziada ya 0.5 inayopunguza ukuzaji kwa nusu na kukuongezea nafasi ya mikono. Kioo ni bapa, hakikuonyeshi kina, na mwanzoni pasi itagota bodi ukidhani bado iko juu. Ukinunua ya kioo, chukua bodi iliyokufa, ng'oa kapasita kumi, uzirudishe moja moja. Simu ya mteja ingoje hadi kumi zote zikae bila kusimama upande.