Tusemapo "Ni Majaliwa"



Mke wangu alipokuwa na mimba ya mtoto wetu wa tatu, jioni moja aliniambia kwamba kichwa kimemuuma siku mbili, na uso na mikono imevimba. Mimi nilikuwa nikisikiliza redio. Nikamjibu, "Mama Petro, hayo ni majaliwa, Mungu yupo." Akanyamaza. Usiku ule akaanza kuona giza. Jirani mwenye gari ndiye aliyetupeleka hospitali, na muuguzi alipompima presha aliniuliza kwa ukali kwa nini tulingoja. Zile zilikuwa dalili za kuelekea kifafa cha mimba, kinachoweza kumwua mama na mtoto pamoja. Wote wawili walipona. Sioni fahari kusimulia haya, maana wakati huo nilikuwa tayari nafundisha dini.

Neno majaliwa linatokana na kujalia, yaani Mungu kumpa mtu kitu kwa wema wake. Ni neno la shukrani. Lakini mimi nililitumia kumfunga mke wangu mdomo. Neno ajali nalo limetoka katika Kiarabu, likiwa na maana ya muda aliowekewa mtu, siku yake ya kufa. Basi dereva mlevi akipindua gari, twasema ajali haina kinga, kana kwamba pombe haikuhusika!

Imani ya namna hii, kwamba yote yamekwisha kuamuliwa na juhudi haifai kitu, wasomi huiita fatalizimu. Asili yake ni neno la Kilatini, fatum, yaani lililokwisha kunenwa. Likishanenwa, nani atajadili?

Mama Kanisa hafundishi hivyo. Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulitamka kwamba hiari ya mwanadamu haikuzimika kwa dhambi ya Adamu. Katekisimu ya mwaka 1992 nayo yaeleza kwamba Mungu hutunza viumbe vyake akiwashirikisha viumbe wenyewe. Kwetu usiku ule, mikono ya Mungu ilikuwa jirani na muuguzi. Someni pia Mathayo 4:5-7: Shetani alimtaka Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu, eti malaika watamdaka. Yesu alikataa.

Hata kuhusu idadi ya watoto, akina baba wengi hudhani imani ni kusema "Mungu ataleta" na kugeukia ukutani. Papa Paulo VI, katika waraka wake Humanae Vitae wa mwaka 1968, aliwataka wazazi wapime afya, uwezo na hali yao, na njia za asili zinahitaji wawili wazungumze. Mume asiyejua siku za mkewe atazifuataje?

Yapo mambo yasiyo mikononi mwetu. Mmefanya yote, na bado mtoto amefariki, au hamkupata mtoto kabisa. Hapo neno majaliwa laweza kufariji, ila usiharakishe kumwambia mwenzako anayelia. Yesu alijua atamfufua Lazaro, na bado alilia kwanza.

Zoezi la juma hili: baada ya sala ya jioni, zimeni redio, kisha kila mmoja amwulize mwenzake, "Ni jambo gani uliloniambia, nami nikalifunga kwa kusema ni majaliwa?" Msikilize bila kujitetea. Mimi nilipomwuliza Mama Petro, alitaja matatu, na la redio halikuwa la kwanza.