KUNUNUA TANGI LA SAMAKI LILILOTUMIKA

Chama cha Sayansi cha shule kikitaka kufuga samaki, hapana budi kiwe na tangi la kioo. Tangi jipya ni ghali. Lakini mara nyingi hutokea mtu anayehama, au aliyechoka kufuga, akauza tangi lake kwa bei ndogo. Hii ni bahati njema kwa mwenye kujua kununua. Kwa asiyejua, fedha za chama zitamwagika sakafuni pamoja na maji, na samaki watakufa.

Somo letu, basi, ni hili: tangi lililotumika hupimwa kwa maji, wala si kwa macho.

1. Jinsi tangi lilivyotengenezwa

Kufuga samaki ndani ya kioo si jambo la jana. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ambamo watu wote waliweza kutazama samaki wakiogelea nyuma ya vioo. Kwa miaka mingi baadaye matangi yalikuwa na fremu ya chuma, na vioo vilishikwa kwa puti, kama vile vioo vya madirisha. Chuma hushika kutu, na puti ikikauka hupasuka. Tena puti nyingine za zamani zilitiwa risasi, nayo ni sumu. Ukiuziwa tangi la namna hiyo, litumie kwa kupandia maua, usiweke samaki.

Tangu miaka ya 1960 mafundi walianza kuunganisha vioo kwa gundi ya silikoni, bila fremu. Gundi hii hunyumbuka kidogo kama mpira na haiyeyuki majini. Matangi mengi utakayoyaona leo ni ya namna hii. Uhai wa tangi, basi, umo katika mistari ile myembamba ya gundi kwenye pembe zake.

2. Hesabu kwanza

Chukua rula, upime ndani ya tangi. Tuseme urefu ni sentimita 80, upana 35, na kimo 40. Zidisha: 80 × 35 × 40 = 112,000. Gawanya kwa 1,000, utapata lita 112. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo maji peke yake ni kilo 112. Kioo cha unene wa milimita 6 kwa tangi hilo ni kama kilo 18. Jumla ni kilo 130, yaani zaidi ya gunia la mahindi la kilo 100. Je, meza yenu ya maabara itabeba? Swali hili liulizwe kabla ya kutoa fedha.

Sasa tazama msukumo. Maji husukuma kioo, na kadiri yanavyokwenda chini ndivyo yanavyosukuma kwa nguvu zaidi. Kwa kioo cha mbele fanya hivi: urefu × kina × kina, gawanya kwa 2, kisha gawanya kwa 1,000. Kwa tangi letu lililojaa: 80 × 40 × 40 ÷ 2 ÷ 1,000 = 64. Kioo kile husukumwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 64, kama mtu mzima anayekiegemea mchana na usiku. Ukitia maji hadi sentimita 20 tu, jibu ni 16. Kina kimepungua nusu, lakini msukumo umepungua hata robo. Ndiyo maana tangi lenye gundi dhaifu laweza kusimama vizuri likiwa nusu, kisha likapasuka lilipojazwa.

3. Kukagua

Nenda mchana penye mwanga, tangi likiwa tupu na kavu.

Pitisha kidole polepole juu ya kingo zote. Mmeguko mdogo ukingoni waweza kuvumilika, lakini ufa usiununue hata kwa senti moja, maana ufa wa kioo hukua. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta; lakini ufa wa tangi hauzibiki kwa kupaka gundi juu.

Kisha tazama gundi. Iliyo nzima hushika pande zote mbili na hunyumbuka ikibonyezwa. Ikiwa inabanduka kwa ukucha, au ina mapovu yanayotoka ndani hadi nje, tangi lile halina budi kuunganishwa upya. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya silikoni kuukuu. Yapasa kukata ya zamani yote, kusafisha kioo, na kuanza tena. Wala usitumie silikoni ya bafuni iliyotiwa dawa ya kuua ukungu, kwa kuwa dawa ile huua samaki pia.

Mwisho, uliza. Kuuliza si ujinga. Mazungumzo yenyewe na yawe ya adabu, kama haya:

“Mzee, tangi hili mlifugia nini?”

“Samaki wadogo, kijana wangu. Kwa miaka mitatu.”

“Je, walipata kuugua? Mliwatia dawa gani majini?”

“Ziko dawa nilitia. Moja ilikuwa ya shaba.”

“Asante, Mzee. Na sasa, mtaturuhusu tulijaze maji hapa hapa kabla ya kulipa?”

Swali la dawa lina maana. Shaba huponya maradhi fulani ya samaki, lakini huua konokono na kamba, na mabaki yake yaweza kubaki katika mchanga na gundi. Na swali la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Muuzaji mwenye tangi zima hataogopa maji.

4. Kujaribu kwa maji

Weka tangi mahali imara palipo sawa. Hakikisha kwa pimamaji. Chini ya tangi weka ubao ulionyoka, na juu ya ubao sponji nyembamba, maana punje moja ya changarawe yaweza kukipasua kioo cha chini. Zungusha karatasi za gazeti kavu chini ya pembe zote.

Tia maji theluthi moja, ungoje saa moja. Ongeza hadi theluthi mbili, ungoje tena. Kisha jaza, uweke alama penye usawa wa maji, na uliache kwa siku moja au mbili. Gazeti likilowa, tangi linavuja, hata kama macho hayaoni tone. Gazeti likibaki kavu na maji yakashuka kidogo tu, ni mvuke uliokwenda hewani. Kama muuzaji hawezi kungoja siku mbili, patana naye kwa maandishi kwamba tangi litarudishwa likivuja.

Jambo moja usisahau kamwe: tangi lisiinuliwe likiwa na maji, hata kidogo. Gundi huachia, na kioo kikivunjika hukata mikono.

5. Kusafisha na kuanza

Usitumie sabuni. Madoa meupe ya chokaa huondoka kwa siki. Uchafu mwingine kwa chumvi na kitambaa kipya. Suuza mara nyingi.

Kumbuka kwamba tangi safi bado si makao. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Wako bakteria wanaoigeuza iwe naitriti, na wengine wanaoigeuza naitriti iwe kitu kisicho na madhara makubwa. Bakteria hao huchukua majuma kadhaa kuongezeka. Anza na samaki watatu au wanne wadogo, na ubadilishe sehemu ya maji kila juma. Ikiwa samaki wa muuzaji walikuwa wazima, omba sponji ya chujio lake ikiwa mbichi bado, kwa sababu bakteria wamo humo.

6. Faida yake

Sisi wa Uganda tuna sababu ya kuheshimu tangi la kioo. Katika miaka ya 1950 sangara, ambaye Waganda humwita mputa, alitiwa katika Ziwa Victoria. Kufika miaka ya 1980 aina nyingi za nkejje, ambao Mwanza huitwa furu, zilikuwa zimetoweka ziwani. Baadhi ya aina hizo zilihifadhiwa na kuzalishwa katika matangi ya vioo huko Ulaya na Marekani. Basi tangi zima laweza kulinda kile ambacho ziwa limepoteza. Kutokana na habari hiyo jifunzeni pia jambo la pili: samaki wa dukani wasimwagwe ziwani wala mtoni, hata mkichoka kuwafuga.

Maswali

1. Tangi lina urefu wa sentimita 60 na upana wa 30; maji yana kina cha 30. Ni lita ngapi?
2. Kioo chake cha mbele kinasukumwa kwa nguvu iliyo sawa na kilo ngapi?
3. Kwa nini tangi lijazwe polepole wakati wa kulijaribu?
4. Taja mambo mawili ambayo macho peke yake hayawezi kuyaona katika tangi kuukuu.