Somo kwa Vijana: Kuzifanya Takwimu Zionekane

Wahenga walisema: "Mali bila daftari hupotea bila habari." Ni kweli, lakini siku hizi daftari peke yake halitoshi. Zahanati zina madaftari, shule zinayo, vikundi vya akina mama vinayo, hata wavuvi katika BMU huandika kilo za samaki. Taabu ni kwamba yanajaa, yanafungwa, basi. Ndiyo maana leo tunawashauri vijana waliomaliza Kidato cha Nne, na wale walio vyuoni, wajifunze programu za kompyuta zinazogeuza takwimu kuwa chati, grafu na ramani.

Kwa nini picha?

Jicho huchoka upesi likipewa safu ya nambari mia. Likipewa mstari unaopanda, linaelewa mara moja. Jambo hili si geni. Mwaka 1854 kipindupindu kilipowaua watu wa mtaa wa Soho, London, daktari John Snow alishuku pampu moja ya maji iliyokuwa Broad Street. Baadaye alichora ramani akatia alama kwa kila kifo. Alama zilijazana karibu na pampu ile, hata asiyesomea udaktari akaweza kuona.

Hapa kwetu je?

Kazi hii iko mlangoni petu. Kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kilianza Kilifi mwaka 1989. Mwaka 2000 kilianza kuhesabu watu nyumba kwa nyumba, katika eneo la kilomita za mraba 891 hivi, kikiandika waliozaliwa, waliofariki na waliohama. Takwimu hizo huunganishwa na za wagonjwa wa hospitali ya Kilifi, ili ijulikane maradhi yanatoka upande gani.

Tena, tangu mwaka 2011 vituo vya afya nchini hupeleka ripoti zao kwa DHIS2, programu iliyotokea Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Programu hii huchora chati na ramani. Lakini kompyuta haijui kama karani ameandika 15 mahali pa 51. Lazima awepo mtu wa kukagua, kuchora na kueleza. Mtu huyo mbona asiwe kijana wa Ganze au Magarini?

Tujaribu mfano mmoja

Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 1,109,735 katika Kilifi. Ile ya mwaka 2019 ilihesabu 1,453,787. Ongezeko ni watu 344,052, yaani asilimia 31.

Chora nguzo mbili, kipimo kianzie sifuri. Utaona nguzo ya pili imeizidi ya kwanza kwa karibu thuluthi moja. Sasa chora tena, lakini kipimo kianzie 1,000,000. Loo! Nguzo ya pili sasa ni ndefu zaidi ya mara nne kuliko ya kwanza, na nambari ni zile zile!

Hapa ndipo penye faida kubwa ya somo hili. Anayejua kuchora chati anajua pia kumkamata anayedanganya kwa chati. Siku kamati inapoonyeshwa picha nzuri za mradi wa maji au basari, kijana huyu atauliza: "Kipimo kimeanzia wapi? Mbona mmetupa jumla ya kaunti nzima, na maeneo bunge yetu ni saba?" Jumla inaweza kupendeza huku upande mmoja ukilala na kiu.

Wapi pa kuanzia

1. Anza na hesabu: asilimia, wastani na uwiano. Asiyejua hizi, programu itamchorea picha asiyoielewa.

2. Kisha Excel. Asiye nayo atumie LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure. Jifunze kupanga jedwali safi kabla ya kuchora chochote.

3. Halafu ingia Power BI au Tableau. Kwa ramani kuna QGIS, nayo ni ya bure. Huna kompyuta? Vijana watatu wanaweza kuchanga pesa za saa moja ya saiba.

4. Linda siri za watu. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Jina la mgonjwa au la mtoto anayesaidiwa karo lisiingie kwenye chati. Jihadhari na Tableau Public hasa, maana kazi unayoihifadhi humo inaweza kuonwa na watu wote.

Wazazi, tuambiane ukweli: programu pekee haimpi mtu kazi kesho yake. Lakini serikali ya kaunti, hospitali, benki, hoteli na mashirika yote hukusanya takwimu. Kijana akifika na chati tatu alizochora mwenyewe kuhusu kijiji chake, ana cha kuonyesha zaidi ya cheti.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Ni daftari gani kijijini kwetu limejaa bila kusomwa?
- Nambari zake zingetusaidia kuamua jambo gani?
- Nani atalichora, na tutampeleka mbele ya nani akalieleze?