UBONGO, MISHIPA YA FAHAMU NA UGONJWA WA KIFAFA

Kijijini mtu akianguka kifafa, mara nyingi watu humkimbia. Wahofu kugusa mate yake, naye huachwa peke yake, hata karibu na moto. Somo hili laonyesha kwamba hofu hiyo haina msingi.

1. Ubongo na wajumbe wake

Ubongo umo ndani ya fuvu la kichwa; kwa mtu mzima uzito wake ni kadiri ya kilo 1.4. Kutoka ubongoni hushuka uti wa mgongo, na kutoka humo mishipa ya fahamu huenea mpaka ncha za vidole. Mishipa hiyo haichukui damu, bali habari. Mingine hupeleka habari za moto, baridi na maumivu. Mingine huleta amri: inua, shika, kimbia. Ubongo ni kama sultani, na mishipa ni wajumbe wake.

Lakini mtu akikanyaga kaa la moto, uti wa mgongo huamuru mguu uinuke kabla ubongo haujasikia maumivu. Ndivyo kapita azimavyo moto kijijini kwanza, kisha amwarifu sultani.

2. Kila sehemu ina kazi yake

Mwaka 1861, nchini Ufaransa, daktari Paul Broca alimwona mgonjwa aliyefahamu maneno ya watu, lakini yeye mwenyewe aliweza kutamka «tan» tu. Alipokufa, Broca aliutazama ubongo wake, akaona umeharibika mbele, upande wa kushoto. Hivyo ilidhihirika kwamba usemi una mahali pake ubongoni. Basi, sehemu ya ubongo ikiugua, kazi yake nayo huharibika.

3. Kifafa ni nini?

Habari hupita ubongoni kwa nguvu ndogo za umeme. Mwaka 1924 Hans Berger, daktari wa Ujerumani, alizipima juu ya kichwa cha mtu. Katika kifafa, nguvu hizo hulipuka pamoja kupita kiasi, kama wapiga ngoma wote wapigao pigo moja kwa wakati mmoja na kwa nguvu mno: wachezaji hawawezi tena kucheza ngoma yao. Ndipo mwili huanguka na kutetemeka.

Kifafa chaweza kutokana na jeraha la kichwa, shida wakati wa kuzaliwa, malaria iliyofika ubongoni, ama minyoo ya tegu. Pengine sababu haionekani. Lakini hakiambukizwi kwa mate wala kwa kugusana.

4. Yapasayo kutendwa

Mgonjwa aondolewe karibu na moto au maji. Kitu laini kiwekwe chini ya kichwa chake, naye alazwe ubavu. Asitiwe kitu chochote kinywani, wala asikandamizwe kwa nguvu. Mtu akae naye mpaka fahamu zimrudie. Mtikisiko ukipita dakika 5, apelekwe hospitali upesi.

Dawa zipo. Wagonjwa hata 70 katika 100 waweza kuishi pasipo kuanguka, wakitibiwa vema. Dawa hunywewa kila siku, wala haiachwi bila shauri la daktari.

Maulizo

Kifafa hutoka wapi? — Hutoka ubongoni.

Mate ya mgonjwa huambukiza? — Hapana.

Aangukaye afanyiwe nini? — Asaidiwe, asikimbiwe.