Mtoto Anapouliza Habari za Jua na Ardhi

Wazazi wenzetu, mtoto akiuliza, "Jua likizama huenda wapi?" wengi wetu humjibu, "Nyamaza, utajua ukikua." Hapo tumemfungia mlango wa elimu. Katika somo hili tutazame jinsi ya kumfundisha kwa vitu vilivyopo hapa hapa Kaisho.

1. Fimbo na kivuli
Simikeni fimbo ya mita moja mahali tambarare. Kila baada ya saa moja mtoto aweke kijiwe penye ncha ya kivuli. Asilitazame jua lenyewe, maana huharibu macho. Ataona kuwa kivuli kifupi kuliko vyote hakipatikani saa sita kamili, bali karibu na saa saba mchana. Mwezi wa Juni kivuli hicho huelekea kusini, karibu nusu mita. Desemba huelekea kaskazini, kama sentimita 40. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba karibu hakionekani. Sababu yake ni kwamba dunia hulizunguka jua kwa mwaka mmoja, na mhimili wake umeinama.

2. Jua la Dar es Salaam
Jioni moja mpigieni simu ndugu aliye Dar es Salaam. Huko jua huzama karibu nusu saa kabla ya kuzama kwetu. Basi mtoto atatambua kuwa jua haliendi kulala. Dunia ndiyo inayojizungusha kuelekea mashariki, na walio mashariki hutangulia kuingia gizani.

3. Tetemeko la ardhi
Maswali mengine huja na hofu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wetu wa Kagera. Watu zaidi ya 15 walifariki, na nyumba nyingi zilianguka, hasa Bukoba. Mtoto akiambiwa kuwa walioangukiwa na nyumba walikuwa na dhambi kuliko wengine, atajifunza kuwadharau wafiwa. Bwana Yesu alikwisha kulikataa wazo hilo alipotaja mnara wa Siloamu (Luka 13:4). Tumweleze ukweli: miamba iliyo chini husukumwa kwa muda mrefu, kisha hukatika ghafula na kutikisa ardhi. Hakuna awezaye kutaja siku wala saa yake.

Lakini kujikinga kwawezekana. Aliye ndani aingie chini ya meza imara na kufunika kichwa. Aliye nje akae mbali na kuta. Mtikisiko ukiisha, asirudi katika nyumba yenye nyufa, kwa maana mitikisiko mingine hufuata. Mtoto aliyejua sababu na njia ya kujikinga hatapotezwa na uvumi.

Maswali ya kujadiliana nyumbani
(a) Kivuli cha fimbo yetu leo kimeelekea wapi?
(b) Kwa nini Dar es Salaam huingia usiku kabla yetu?
(c) Katika nyumba yetu, ni ukuta gani ulio dhaifu, na meza gani iliyo imara?