Somo: Namna ya Kuandika Maelezo ya Zana Ifutayo Picha

Tuanze somo letu hapa hapa nyumbani. Tuseme mgeni asiyepata kufika Pemba amekuja kukusaidia wakati wa karafuu. Wamwambia, "Chambua karafuu, na takataka zote ukazitupe." Ukirudi jioni wakuta makonyo yote yametupwa. Mgeni yule si mkaidi. Kwake yeye vile vilikuwa vijiti tu. Hakuambiwa kwamba makonyo huuzwa, wala kwamba pale Wawi kiko kiwanda cha kuyatoa mafuta. Basi kosa ni la nani? Ni la aliyeagiza.

Mgeni wa namna hiyo siku hizi yumo katika kompyuta, naye huitwa wakala wa akili mnemba. Wakala ni programu isiyojibu maswali tu, bali hutenda kazi. Hupewa shabaha na zana, kisha hujichagulia mwenyewe zana ya kutumia. Zana ni programu ndogo yenye kazi yake maalumu, kama kutafuta picha, kupunguza ukubwa wake, au kuifuta. Wakala haoni yaliyomo ndani ya zana. Husoma maelezo yaliyoandikwa juu yake, na kwa maneno hayo huamua. Kwa hiyo aandikaye maelezo ndiye mwagizaji.

Kwa nini zana ya kufuta ihitaji uangalifu zaidi? Picha ya mkarafuu uliopo uwanjani waweza kuipiga tena kesho. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 ilianguka sehemu ya Beit al-Ajaib kule Unguja, jumba lililojengwa mwaka 1883. Mwenye picha ya jumba lile kabla ya siku hiyo ana kitu ambacho hakuna kamera iwezayo kukipata tena. Kompyuta haijui tofauti ya picha hizo mbili. Kwake zote ni faili. Tofauti hiyo huijua mtu.

Basi, maelezo mema hayana budi kuonyesha mambo matano.

Kwanza, mwisho wa kitendo. Usiandike "huondoa picha", maana kuondoa kwaweza kuwa kuitoa ukurasani tu, na kwaweza kuwa kuiangamiza ghalani. Andika wazi kwamba picha hufutwa kabisa, wala hairudi.

Pili, alama ya picha. Kila picha itajwe kwa namba yake ya pekee, si kwa jina la faili. Kamera nyingi zikifika 9999 huanza tena 0001, hivyo picha mbili zaweza kuwa na jina moja.

Tatu, kurudia. Mtandao ukikatika, wakala asipate jibu, huenda akajaribu tena. Agizo la "futa picha namba 412" likirudiwa halidhuru, kwa kuwa picha hiyo imekwisha futwa. Lakini "futa picha iliyo kongwe kuliko zote" likirudiwa, hufuta nyingine.

Nne, mahali isipofaa. Ikiwa mtu ataka picha isionekane tu, wakala aelekezwe kwenye zana ya kuficha.

Tano, idhini. Pasifutwe kitu mpaka mtu ameonyeshwa picha yenyewe na kukubali.

Tazama mfano huu:

"Zana: futa_picha. Hufuta kabisa picha moja pamoja na nakala zake zote zilizomo ghalani. Picha iliyofutwa hairudi. Huhitaji namba ya picha. Haipokei jina la faili. Usiitumie kwa kuficha picha. Kwa kazi hiyo tumia ficha_picha. Kabla ya kuitumia, mwonyeshe mtu picha na namba yake, ungoje akubali. Namba isipokuwapo, zana haifuti kitu, nayo hurudisha jibu: haikuonekana."

Maneno yake ni machache, lakini mgeni akiyasoma hatatupa makonyo.

Katika Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitangaza kanuni iitwayo Model Context Protocol, ya kuunganisha mawakala na zana. Kanuni hiyo sasa ina alama za kuonyesha kama zana husoma tu au huharibu, na kama kuirudia hakuongezi athari. Tena, mwandishi asipotia alama yoyote, zana hudhaniwa kuwa yaweza kuharibu. Hiyo ni busara: pasipo habari, jihadhari.

Lakini tusidanganyike. Maelezo ni maneno, si kufuli. Katika Julai 2025 Mmarekani Jason Lemkin alikuwa akitumia wakala wa kampuni ya Replit. Alikwisha kumkataza asibadilishe kitu. Hata hivyo wakala alifuta hazina ya kumbukumbu zake. Tena akamwambia kwamba haziwezi kurudishwa, kumbe ziliweza. Baadaye kampuni ilitangaza kutenga hazina ya majaribio na hazina ya kazi halisi. Twajifunza kwamba pamoja na maelezo mema yatakiwa kinga katika zana yenyewe: isifute bila idhini ya mtu, na nakala iwekwe mahali ambapo wakala hana ufunguo.

Wanafunzi wenzetu wengi wataajiriwa katika kazi hizi, na wazazi wetu tayari wanazo picha za arusi na za marehemu wao ndani ya simu. Maji yakimwagika hayazoleki. Basi tuandike kabla hayajamwagika.

Maswali

1. Eleza kwa nini "safisha picha zisizotakiwa" ni agizo la hatari.
2. Kati ya "futa picha namba 30" na "futa picha ya mwisho", lipi laweza kurudiwa bila madhara? Toa sababu.
3. Andika maelezo, yasiyozidi maneno sitini, ya zana ifutayo majina katika daftari la mahudhurio.