Pumu ya Ngozi: Jinsi ya Kuitambua kwa Mtoto Mchanga na Mtu Mzima

Ukurutu, ambao wengi tunauita pumu ya ngozi, hauambukizi. Tunalitanguliza hili kwa sababu wapo watoto wanaokatazwa kucheza na wenzao bila kosa lolote. Huwezi kuupata kwa kumbeba mtoto, kulala naye wala kutumia taulo lake. Huonekana zaidi katika familia zenye pumu ya kifua au mafua ya mzio. Ngozi yenye ukurutu haihifadhi unyevu: hukauka na kupasuka, kisha sabuni kali, vumbi na jasho huichokoza.

Dalili kuu ni muwasho. Maelezo mengi ya ugonjwa huu hutaja ngozi nyekundu, na mzazi mwenye mtoto mweusi anaweza kuutafuta wekundu huo asiuone, akadhani mtoto ni mzima. Kwenye ngozi nyeusi, mahali palipoathirika huwa na rangi ya kahawia iliyokolea, zambarau au kijivu. Pengine rangi haibadiliki kabisa, ila ukipitisha kiganja unahisi mparuzo wa vipele vidogo vilivyosongamana. Kwa hiyo mkague mtoto mchana, karibu na dirisha, kwa macho na kwa mikono.

Mtoto mchanga

Mara nyingi ukurutu huanza kabla mtoto hajatimiza mwaka 1. Hutokea mashavuni, kwenye paji la uso na kichwani, halafu upande wa nje wa mikono na miguu. Sehemu inayofunikwa na nepi kwa kawaida husalimika. Ukipamba moto, ngozi hutoa majimaji yanayoganda.

Mtoto wa miezi 3 hawezi kujikuna sawasawa. Utamwona akisugua shavu begani kwako, au akigeuza kichwa huku na huku kitandani mpaka nywele za kisogoni zinyonyoke. Hulala kidogo, huamka akilia. Bibi atasema ni njaa, jirani atasema ni chango. Kabla hujawakubalia, mvue nguo umtazame.

Akianza kutembea, ugonjwa huhamia kwenye mikunjo: ndani ya viwiko, nyuma ya magoti, vifundoni na shingoni.

Mtu mzima

Hapa tazama mikono, kope, shingo na mikunjo ileile. Kwa kukunwa muda mrefu, ngozi huwa nene na ngumu, mistari yake ikaonekana wazi. Mama lishe, dobi, msusi na fundi anayeshika saruji huumia zaidi vidoleni, kwa sababu maji, sabuni, dawa za nywele na saruji huichubua ngozi kila siku. Ukurutu ukitulia huacha mabaka meusi au meupe ambayo hufifia polepole kwa miezi. Tafadhali usiyapake krimu za kung'arisha ngozi.

Usichanganye na haya

Upele huwasha zaidi usiku, hukaa katikati ya vidole, na mara nyingi watu kadhaa nyumbani hujikuna kwa pamoja. Choa hutengeneza duara lenye ukingo ulioinuka. Tofauti hii ni muhimu sana: ukipaka choa krimu yenye steroidi, muwasho hupungua kwa muda huku fangasi wakisambaa. Usinunue krimu kwa kukisia. Mtaalamu aione ngozi kwanza.

Nyumbani

Mwogeshe mtoto kwa maji ya uvuguvugu, kwa dakika chache, kwa sabuni isiyo na manukato. Mfute kwa kumgusagusa, usimsugue, kisha mpake mafuta ya mgando ngozi ingali na unyevu. Rudia walau mara 2 kwa siku, hata ngozi ikionekana nzuri. Kata kucha zake, mvalishe pamba. Usimwachishe ziwa wala kumnyima mayai au samaki kwa kudhani tu. Muulize kwanza mhudumu wa kliniki.

Usisubiri

Usaha, magamba ya njano, au ngozi iliyovimba na kuwa ya moto ni dalili kwamba bakteria wameingia: mpeleke kituo cha afya. Yakitokea ghafla malengelenge madogo yenye maumivu, pamoja na homa, hasa karibu na macho, nenda siku hiyohiyo. Huenda ni kirusi kilekile kinachosababisha malengelenge ya mdomoni, ambacho ni hatari sana kwenye ngozi yenye ukurutu. Mwenye malengelenge hayo asimbusu mtoto mpaka yapone.